Manati ya Shabaha: Namna ya Kuiboresha Bila Kuiongezea Mpira

Jumamosi jioni hapa Isongole, nyuma ya nyumba zinazotazama bonde la mto Songwe, utawakuta vijana wamepanga makopo matupu juu ya ukuta wa tofali. Kila mmoja ana manati yake shingoni. Ukizitazama kwa karibu utagundua kwamba karibu zote zimeboreshwa kwa namna moja: mwenyewe aliona jiwe haliendi haraka, akaongeza mpira. Palipokuwa na ukanda mmoja kila upande, sasa zipo mbili, na manati nyingine zina tatu. Mikono inatetemeka wakati wa kuvuta, bega linapanda juu, jiwe linatoka, na kopo linabaki limesimama.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe unayeipenda shabaha ya kopo, uwe kijana wa sekondari au mtu mzima mwenye watoto. Jambo la kulishika kabla ya mengine yote ni hili: usiongeze nguvu kabla hujapunguza upotevu. Nguvu unayoiweka kwenye mpira unapouvuta haiendi yote kwenye jiwe. Nyingine inakwenda kuusukuma mpira wenyewe, kwa sababu mpira nao una uzito na lazima urudi mbele pamoja na jiwe. Nyingine inakwenda kwenye ngozi inayobeba jiwe. Nyingine inageuka joto ndani ya mpira, hasa mpira usiofaa. Kinachobaki ndicho jiwe linachoondoka nacho. Ukiongeza tabaka la pili la mpira, umeongeza nguvu na mzigo kwa wakati mmoja. Kwa jiwe zito utapata faida kidogo. Kwa kijiwe chepesi hupati kitu, zaidi ya kuchapwa vidole na mpira unaorudi ukiwa bado na nguvu ambayo haikupata pa kwenda.

Wenzetu wa mchezo wa peintiboli walilijua hili kwa njia yao. Mchezo ule ulichezwa kwa mara ya kwanza tarehe 27 Juni 1981 kwenye msitu wa Henniker, New Hampshire, Marekani, na bunduki walizotumia hazikutengenezwa kwa ajili ya mchezo. Zilikuwa za mabwana misitu na wafugaji, za kutia alama ya rangi kwenye miti na ng'ombe kutoka mbali. Mara baada ya hapo wapenzi wa mchezo wakaanza kuzichokonoa. Wengi walikimbilia kuongeza gesi. Waliofika mbali ni wale waliogundua kwamba mtutu ukilingana sawasawa na kipenyo cha kidonge cha rangi, gesi haivuji pembeni na kila kidonge kinatoka na kasi ileile. Ilibainika pia kwamba kasi ina kikomo cha usalama: viwanja vingi hupima bunduki mlangoni, na inayozidi futi 300 kwa sekunde, yaani kama mita 91, hairuhusiwi kuingia. Bunduki za namna hiyo huku kwetu hatuna. Manati tunayo, na kanuni ya kulinganisha vitu ni ileile.

Mpira kwanza

Manati ni kitu cha juzi tu ukilinganisha na kombeo la Daudi. Isingewezekana kabla ya Charles Goodyear kugundua, mwaka 1839, namna ya kupika mpira pamoja na salfa ili usiyeyuke kwenye joto wala kukakamaa kwenye baridi. Mpira ndio moyo wa manati, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea bila kujua.

Nilikwenda kwa fundi baiskeli mmoja mzee kuomba chubu iliyochakaa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Chukua hiyo nyeusi, imejaa viraka tu. Lakini kama ni ya manati, hiyo imelala."

"Imelala vipi, mzee?"

Akachana ukanda mwembamba, akauvuta, akauachia. Ukarudi polepole, kama mtu anayeamshwa usingizini. Akafungua boksi akatoa kipande kingine, cha chubu kuukuu sana, akafanya vilevile. Kile kikarudi kwa mlio mkali.

Alichokuwa ananionesha kina maelezo. Chubu nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa mpira wa kiwandani uitwao butili, uliogunduliwa Marekani mwaka 1937. Sifa yake kubwa ni kushika upepo: chubu ya butili hukaa muda mrefu bila kujazwa. Sifa hiyo inamfaa mwenye baiskeli, ila butili ikivutwa hula sehemu kubwa ya nguvu na kuigeuza joto, kisha hurudi taratibu. Mpira wa asili, ule wa utomvu wa mti, huvuja upepo upesi zaidi lakini hurudi kwa kasi. Kwa hiyo chubu bora kwa gurudumu inaweza kuwa mbovu kabisa kwa manati, na watu wanaendelea kuirundika tabaka juu ya tabaka wakidhani kasoro ni uchache.

Usiamini rangi wala maneno ya muuzaji. Pima mwenyewe. Chana ukanda wa upana wa sentimita 1, weka alama mbili za kalamu zilizoachana sentimita 10, kisha uvute kando ya rula au futi ya fundi seremala. Angalia mambo mawili. Kwanza, unafika wapi kabla ya kugoma, yaani ile hatua ambayo ukivuta zaidi haurefuki tena ila unakaza tu. Sentimita 10 zikifika 50, mpira wako unavutika mara 5. Zikiishia 30, uweke kando, utakufaa kufungia mizigo. Pili, uuachie mwisho mmoja na usikilize. Mpira unaofaa unalia. Uliolala haulii, na ukiupima tena utakuta umebaki mrefu kidogo kuliko ulivyokuwa.

Chubu zikikosekana, zipo njia nyingine. Mpira laini ambao wahudumu wa afya hufungia mkono wanapotafuta mshipa mara nyingi ni wa utomvu wa asili, na ni mzuri sana. Mikanda ya mpira ya mazoezi ya viungo nayo inafaa. Ukipita Tunduma au Mbeya uliza kwenye maduka ya vifaa vya michezo, na uifanyie jaribio lilelile kabla ya kulipa. Mrija wa dripu usiuhangaikie. Ule ni plastiki, haurudi.

Ukishapata mpira mzuri, ukate kwa mshazari. Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko mahali pengine popote kwenye manati, nayo haigharimu hata shilingi. Upande unaofungwa kwenye panda, ule mti wenye pembe mbili, uwe mpana, tuseme milimita 20, na upande wa ngozi uwe mwembamba, milimita 12. Sababu yake ni hii: unapoachia, mpira ulio karibu na panda unasogea kidogo sana, ilhali ule ulio karibu na ngozi unakimbia kwa kasi ileile ya jiwe. Gramu moja ya mpira iliyokaa upande wa ngozi inaiba nguvu nyingi kuliko gramu hiyohiyo ikikaa upande wa panda. Ukipunguza upana huko kwenye ngozi, umeondoa mzigo mahali unapoumiza. Tumia wembe mpya na rula ya chuma, weka mpira juu ya ubao, ukate kwa mkato mmoja usiosimama. Mkasi huacha vijino, na kila kijino ni mwanzo wa kuchanika.

Urefu nao una hesabu yake. Simama kama unavyosimama ukilenga, nyoosha mkono ulioshika panda, na mwenzako apime kutoka kwenye panda hadi pale vidole vyako vinapogusa shavu. Tuseme ni sentimita 72. Kama mpira wako unagomea mara 5, usiufikishe huko kila siku. Ufanyie kazi kwenye mara 4. Gawa 72 kwa 4, unapata sentimita 18. Huo ndio urefu wa mpira uliolegea, kutoka fundo la panda hadi fundo la ngozi. Ongeza sentimita 2 au 3 kila upande kwa ajili ya kufungia. Mpira mrefu mno hauamki vizuri hata ukiwa bora. Mfupi mno unakatika mapema, na unapokatika uso wako uko karibu.

Pande mbili lazima zilingane. Kata ukanda wa kwanza, uutumie kama kipimo cha wa pili, na zote mbili zitoke kwenye chubu moja, sehemu zinazopakana. Upande mmoja ukiwa mzito kuliko mwingine, jiwe litaelekea pembeni kila siku nawe utalaumu macho yako.

Panda

Kwa panda tumebarikiwa. Ileje, wilaya yetu, ni ya kahawa, na mibuni inapopogolewa baada ya mavuno, matawi mazuri yenye pembe mbili hutupwa au huchomwa jikoni. Mti wa mbuni ni mgumu, mzito na nyuzi zake zimeshikana. Mpera nao ni rafiki wa kale wa kila mwenye manati, tangu babu zetu. Mparachichi acha, hukatika ghafla bila kuonya. Mkaratusi nao hupasuka kwa urefu unapokauka.

Chagua panda ambayo pembe zake mbili zina unene sawa, usiopungua ule wa kidole gumba chako. Kata mbichi ukiacha sentimita kadhaa za ziada kila mwisho. Usiiweke juani wala karibu na jiko. Paka rangi au nta kwenye ncha zote zilizokatwa, uiache na gome lake kivulini mahali penye upepo, kwa wiki kadhaa. Mti hukaukia nchani kwanza, na ncha ikikauka kabla ya tumbo ndipo ufa unapoanza. Ukishakauka, ondoa gome na uukague kwenye mwanga. Ufa wowote kwenye maungio, hata mwembamba kama unywele, ni sababu ya kuitupa panda hiyo. Huo si mti wa kuutia gundi.

Vijana wengi hupenda pembe ndefu kwa sababu zinapendeza. Zifupishe. Mpira unapovutwa, unaivuta ncha ya panda irudi nyuma, na kadiri pembe zinavyokuwa ndefu juu ya ngumi yako ndivyo kifundo cha mkono kinavyofanya kazi ya kuzizuia. Pembe zinazotokeza sentimita 3 au 4 tu juu ya kidole cha shahada zinautuliza mkono. Upana wa nje kati ya pembe na pembe uwe sentimita 8 au 9, na uwazi wa ndani usipungue 4, ili jiwe lipite bila kugonga. Lainisha kingo zote kwa msasa, hasa pale mpira utakapogusa mti. Kingo kali hukata mpira kutoka chini, mahali usipopaona.

Ngozi na mafundo

Ngozi iwe nyembamba na nyepesi. Ulimi wa kiatu kilichochakaa ni hazina. Ngozi ya mbuzi iliyotengenezwa vizuri ni bora zaidi. Kata mstatili wa sentimita 7 kwa 2, zungusha kona zake, ukunje katikati ili upate mstari wa kati sawasawa. Toboa tundu moja kila upande kwa kipande cha bomba jembamba kilichonolewa ncha, au kwa kifaa cha fundi viatu. Tundu liwe la duara. Ukichoma kwa kisu unatengeneza mchano, na mchano hurefuka. Toboa pia tundu dogo katikati kabisa ya ngozi: jiwe litakalia hapo kila mara, na vidole vyako vitajua mahali pa kushika hata bila kutazama.

Mpira ufungwe kwa mpira. Uzi wa nailoni unakaza vizuri siku ya kwanza na unakata siku ya tatu. Chana vipande vyembamba vya chubu ile iliyolala, vivute na kuzungusha mara tano au sita, kisha upenyeze ncha chini ya mzunguko wa mwisho. Hapo butili inapata kazi yake.

Unachorusha

Kokoto za mto Songwe ni laini na za mviringo, na ni za bure, lakini hakuna mbili zenye uzito sawa. Ukirusha ya gramu 2 na kisha ya gramu 4, hizo ni manati mbili tofauti mkononi mwako. Kwa anayeanza hazina ubaya. Kwa anayetaka kujua kama amelenga vibaya au jiwe ndilo lililobadilika, hazifai.

Gololi za chuma zinalingana. Za kitovu cha nyuma cha baiskeli zina kipenyo cha robo inchi na uzito wa gramu 1 hivi. Ni nyepesi mno kwa mpira wa chubu. Gololi za milimita 8 zina gramu 2, na za milimita 9.5 zina gramu 3.5. Hizi mbili ndizo zinazoelewana na ukanda mmoja uliokatwa kama nilivyoeleza. Beringi mbovu za pikipiki na mashine za kusaga huzitoa. Mwombe fundi akuwekee badala ya kuzitupa. Gololi za kioo za watoto zina gramu 5 hivi, na zikigonga kitu kigumu huvunjika vipande vyenye makali. Hizo waachie watoto wachezee chini.

Ninachokipenda kuliko vyote ni udongo. Chukua udongo wa mfinyanzi, uukande mpaka uache kushika vidole, uviringe vidonge vya milimita 15 na uvianike kivulini siku mbili tatu. Kidonge kimoja kitakuwa na gramu 3 na kitu. Ili vilingane, viringa udongo kuwa kamba ya unene mmoja, ukate vipande vya urefu mmoja kwa rula, ndipo uvifanye duara. Ukitaka, kizungushe kila kidonge kwenye unga wa chokaa kabla hakijakauka. Kikigonga ubao kinapasuka kuwa vumbi na kuacha doa jeupe, na doa hilo linakwambia ulipiga wapi. Peintiboli ya udongo, bila gesi wala gharama. Tena hakirudi. Gololi ya chuma ikigonga tofali inaweza kukurudia usoni, na ndiyo maana ule ukuta niliousema mwanzoni ni mahali pabaya pa kuweka makopo.

Kama unatumia gololi, ning'iniza blanketi kuukuu au magunia mawili nyuma ya kopo, yalegee, yasivutwe kwa chini. Kitambaa kinachoning'inia hula nguvu ya gololi na kuidondosha hapohapo. Weka beseni au boksi chini yake. Gololi 20 zitakutosha mwaka mzima.

Kupima kasi kwa simu

Huwezi kujua kama umeboresha kitu kama hukipimi. Watu wa peintiboli wana vifaa vya kupimia kasi. Wewe una simu.

Weka programu yoyote ya kurekodi inayoonesha mawimbi ya sauti. Simama mita 10 kamili kutoka kwenye kopo, umbali ambao pia hutumiwa sana na wapiga shabaha wa manati nchi za nje. Weka simu miguuni pako, rekodi, uachie. Kwenye mawimbi utaona vilima viwili: mpira ulipolia na kopo lilipolia. Pima muda kati yake. Toa sekunde 0.03, kwa sababu mlio wa kopo nao ulihitaji muda huo kusafiri mita 10 kurudi kwako. Kisha gawa 10 kwa kinachobaki. Mfano: vilima vimeachana sekunde 0.25, ukitoa 0.03 inabaki 0.22, gawa 10 kwa 0.22, unapata mita 45 kwa sekunde.

Fanya hivyo mara tano na uandike zote kwenye daftari. Sasa badilisha kitu kimoja tu, labda ngozi nyepesi au mshazari mkali zaidi, upime tena mara tano. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kilichokusaidia. Na usitazame ile namba kubwa peke yake. Tazama tofauti kati ya namba kubwa na ndogo. Manati inayotoa 44, 45, 45, 46, 45 ni bora kuliko inayotoa 40, 52, 47, 55, 43, hata kama ya pili ina siku yake ya kujivunia.

Sababu iko kwenye mwanguko. Jiwe linaanza kuanguka mara linapotoka mkononi. Kwa mita 45 kwa sekunde, likifika mita 10 limeshuka kama sentimita 24. Kwa mita 60, limeshuka sentimita 14. Jicho na mkono hujifunza kuinua shabaha kwa mwanguko wowote, mradi uwe uleule. Usipokuwa uleule, hakuna mazoezi yatakayokusaidia.

Utakuta pia kwamba namba za asubuhi na za mchana hazifanani. Mwezi wa Juni na Julai baridi yetu hapa ni ya kweli, na mpira baridi hurudi kwa uvivu. Uweke mpira kifuani ndani ya koti kwa dakika kumi kabla ya kuanza, kisha uuvute taratibu mara kumi bila jiwe huku ukiurudisha kwa mkono. Usiachie manati tupu. Nguvu yote inarudi kwenye mafundo na kwenye panda.

Macho, na watu wengine

Miaka ya nyuma ukanda wangu ulikatika pale kwenye fundo la panda. Ukarudi na kunichana nyusi, sentimita 2 juu ya jicho la kulia. Alama bado ipo. Tangu siku hiyo sivuti manati bila miwani, na wewe usivute. Miwani ya kinga wanayovaa mafundi wa kusaga chuma inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na inatosha.

Kumbuka vizuri mahali ulipokatikia. Mpira ukikatika upande wa panda, kipande chote kinarudi usoni. Ukikatika upande wa ngozi, kinakimbilia mbele. Ule mkato wa mshazari niliousifia kwa ajili ya kasi una faida hii ya pili, ambayo kwangu ndiyo ya kwanza: unaufanya upande wa ngozi kuwa dhaifu zaidi, hivyo mpira ukichoka utaelekea kukatika kule kusikokudhuru. Hata hivyo ukague kila unapoanza. Uvute kidogo mbele ya mwanga, utafute ufa, weupe au kijino, hasa pale mpira unapokunjwa juu ya mti. Ukiona chochote, badilisha. Kipande kipya cha mpira ni kazi ya robo saa.

Jua na mafuta huua mpira kuliko matumizi. Usiining'inize manati ukutani chini ya bati wala kuiweka kwenye boksi moja na petroli au grisi. Ipake poda ya watoto, uiweke kwenye kopo lenye kifuniko.

Gololi ya gramu 3.5 inayotoka kwa mita 45 inaweza kwenda zaidi ya mita 100 ikirushwa juu. Kwa hiyo chagua kwanza mahali jiwe lililokosa litakapoishia, ndipo uchague mahali pa kopo. Kingo au kichuguu cha udongo ni kizuri. Bondeni usielekeze hata siku moja: ng'ambo ya Songwe ni Malawi, na kando zote mbili za mto wapo watu wanaofua, wanaochota maji na wanaochunga. Barabara ya lami ya kutoka Mpemba nayo ina pikipiki na watoto wa shule mchana kutwa. Mtazamaji yeyote akae nyuma yako, naye avae miwani kama unatumia chuma.

Ndege uwaache. Najua wengi wetu tulijifunzia manati kwa njiwa na shorewanda, lakini kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Sheria kando, ndege hakufundishi shabaha. Anaruka, nawe hujui ulikosa kwa kiasi gani. Ubao wenye doa la chokaa unakuonesha kosa lako kwa sentimita.

Kuhusu kushika na kuachia nitasema machache, kwa sababu haya yanafundishwa na mkono kuliko maandishi. Weka kidole cha kuvutia mahali palepale kwenye shavu kila mara. Chagua pembe ya mdomo au mfupa wa chini ya jicho, usibadilishe. Bana ngozi nyuma tu ya jiwe, usilifinye jiwe lenyewe. Unapoachia, fungua vidole tu, mkono usivute nyuma wala kusukuma mbele. Panda ibaki imesimama pale ilipokuwa mpaka usikie kopo. Wengi huishusha mapema ili waone walichopiga, na jiwe la chini mara nyingi chanzo chake ni hicho.

Anza mita 5. Ukipiga kopo mara nane katika kumi kwa siku tatu mfululizo, rudi nyuma hatua mbili. Usiguse mpira mpaka ufike mita 10 kwa namna hiyo. Na leo jioni, kabla ya kufanya lolote kati ya haya, chukua manati uliyonayo, ifungue tabaka la pili la mpira, uirekodi kwa simu ikiwa na tabaka moja, na uandike namba hizo tano kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako.